Paundi 50 Tu! Historia ya Madaraja ya Uzito wa Pikapu za Marekani na Ujanja wa Kwenye Stika

Wapenzi wa ngumi wanajua pambano linaanza siku moja kabla, pale kwenye mizani. Bondia anajinyima maji, anakimbia kavaa jaketi la nailoni juani, anashinda na njaa, ili mradi asizidi uzito aliosaini. Akizidi hata kidogo, pambano linaingia utata.

Sasa Marekani kuna mchezo mwingine wa mizani, na wachezaji wake ni pikapu. Tofauti ni moja: kwenye mchezo huu wapo wanaojikondesha ili waingie daraja fulani, na wapo wanaojinenepesha makusudi ili walikimbie. Na refa ni karatasi tu, stika iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Wengi huona hizi ndinga kwenye video za mastaa. Kuna nyota mmoja wa kikapu, jitu la miraba minne, aliyewahi kumiliki Ford F-650 iliyogeuzwa pikapu. Mtu wa kawaida akisimama pembeni yake anafika kwenye boneti. Komenti zinamiminika: "Hii ndiyo pikapu ya wanaume!" Kumbe ile namba 650 ina historia ndefu, na ndani ya historia hiyo kuna moshi, kodi, na roho za watu.

NUSU TANI AMBAYO SIYO NUSU TANI

Twende taratibu. Mwaka 1917 Ford ilitoa Model TT, chesisi ya lori dogo iliyotengenezwa kubeba tani moja. Tarehe 15 Aprili 1925 kampuni hiyo hiyo ikatoa Model T yenye bodi ya pikapu iliyofungwa kiwandani kabisa, bei dola 281. Kabla ya hapo mkulima alinunua gari, halafu anamtafuta seremala wa kumchongea boksi la nyuma.

Enzi hizo watu walizitaja gari kwa mzigo: nusu tani, robo tatu tani, tani moja. Tani ya Marekani ni paundi 2,000, sawa na kilo 907. Kwa hiyo pikapu ya nusu tani ilikuwa ya kubeba paundi 1,000, yaani kilo 454. Magunia manne na nusu ya mahindi ya kilo 100, basi. Ukweli ulikuwa kwenye jina.

Mwaka 1948 Ford ikaja na mfululizo wa F: F-1 kwa nusu tani, F-2 kwa robo tatu, ikapanda hivyo mpaka F-8. Mwaka 1953 majina yakawa F-100, F-250 na F-350. Chevrolet wakawa na 10, 20 na 30, Dodge nao 100, 200 na 300. Leo Chevrolet na Ram wanasema 1500, 2500 na 3500, lakini ngazi ni zile zile tatu.

Tatizo ni kwamba gari zilikua, majina yakabaki. Zipo F-150 za miaka ya karibuni zinazobeba zaidi ya paundi 3,000, yaani tani moja na nusu ya Kimarekani, na bado mtaani inaitwa "nusu tani". Ni kama mtu mwenye miaka 50 ambaye nyumbani bado anaitwa Mtoto.

MADARAJA YENYEWE HAYA HAPA

Serikali ya Marekani haihangaiki na hizo tani za mtaani. Yenyewe inaangalia kikomo cha uzito wote: gari lenyewe, wese kwenye tanki, dereva na abiria, pamoja na mzigo. Hicho kikomo kinapangwa na mtengenezaji, ndicho kinachoandikwa kwenye stika. Madaraja yapo 8:

Daraja la 1: mpaka paundi 6,000 (kilo 2,722)
Daraja la 2: paundi 6,001 mpaka 10,000 (kilo 4,536)
Daraja la 3: paundi 10,001 mpaka 14,000 (kilo 6,350)
Daraja la 4: paundi 14,001 mpaka 16,000 (kilo 7,257)
Daraja la 5: paundi 16,001 mpaka 19,500 (kilo 8,845)
Daraja la 6: paundi 19,501 mpaka 26,000 (kilo 11,793)
Daraja la 7: paundi 26,001 mpaka 33,000 (kilo 14,969)
Daraja la 8: kuanzia hapo kwenda juu. Huku ndiko kwa semitrela.

Daraja la 2 limekatwa vipande viwili. 2a inaishia paundi 8,500 (kilo 3,856), halafu 2b inaendelea mpaka 10,000. Kwa kawaida F-150 na wenzake wako 2a, F-250 na Ram 2500 wako 2b, na zile za tani moja zenye tairi pacha nyuma wako daraja la 3.

Kwa kulinganisha, Hilux ya dabo kebini tunayoijua huku kikomo chake ni karibu tani 3, ingekaa mwanzoni kabisa mwa daraja la 2. Daraja la 3 ni uzito wa Canter, mdau.

Tofauti siyo ya makaratasi matupu. Ukipanda kutoka nusu tani kwenda juu, chesisi inanenepa, breki zinakua, springi za nyuma zinakuwa ngumu, ekseli inakuwa ya kazi. Njia rahisi ya kuzitambua ni kuhesabu nati za tairi: F-150 ya sasa ina 6, F-250 ina 8, F-450 ina 10. Kwa hiyo madaraja yana maana. Shida ni kilichotokea pale sheria zilipoanza kuning'inizwa kwenye hizo namba.

1975: GARI LILILOZALIWA ILI KUKWEPA SHERIA

Mwaka 1970 Marekani ilikaza sheria ya hewa safi. Miji kama Los Angeles ilikuwa inakohoa. Ilipofika gari za modeli ya 1975, ili kufikia viwango vipya vya moshi, watengenezaji wengi ilibidi wafunge katalitiki, kile kichujio kinachokaa kwenye bomba la eksozi. Na kichujio hicho hakipatani na petroli yenye madini ya risasi, kinakufa. Kwa hiyo gari lenye kichujio lilitakiwa kunywa petroli safi, isiyo na risasi.

Lakini sheria ilikuwa na huruma. Malori ya kazi yasingebanwa sawa na gari za kutembelea. Mstari ukachorwa kwenye paundi 6,000. Chini ya hapo masharti ni makali, juu ya hapo ni laini.

Unaambiwa ndipo F-150 ikazaliwa. Mwaka huo huo, 1975, Ford ikaiingiza katikati ya F-100 na F-250. Kikomo chake cha uzito: paundi 6,050. Yaani ilivuka mstari kwa paundi 50, kilo 23 hivi. Hata nusu ya mfuko wa simenti haifiki!

Chevrolet nao wakatoa nusu tani yao nzito, wakaiita Big 10, namba ni ile ile, 6,050. Dodge wakafuata na D150 mwaka 1977. Mnunuzi alikuwa anapata gari lile lile kwa macho, ila halina kichujio, na linakunywa petroli ya kawaida yenye risasi. Watu wakaipenda. Kuanzia 1977 mfululizo wa F ukawa ndio pikapu zinazouzwa zaidi Marekani. F-100 ikachoka, na baada ya 1983 haikuonekana tena kwenye soko hilo.

Yaani moja ya ndinga maarufu zaidi duniani, ile inayoimbwa kwenye nyimbo za mashambani, jina lake lilitokana na kukimbia sheria ya moshi. Na ule moshi haukuwa wa mchezo. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kidogo chake ambacho ni salama. Marekani ilikuja kuipiga marufuku kabisa kwenye petroli ya gari za barabarani mwaka 1996.

PIKAPU NYEKUNDU ILIYOIAIBISHA CORVETTE

Mwaka 1978 mambo yakawa vituko. Wahandisi wa Dodge, ambao majina yao wengi hawayajui, waliangalia pengo lile lile wakaona kitu kingine: spidi. Gari za michezo zote zilikuwa zimebanwa na vichujio, zimekosa pumzi. Sasa kama pikapu haibanwi, kwa nini isiwekewe mashine ya nguvu?

Wakaleta Lil' Red Express. Pikapu nyekundu, mbao pembeni, mabomba mawili ya eksozi ya kung'aa yamesimama wima nyuma ya kebini kama ya lori kubwa. Ndani V8 ya lita 5.9. Jarida la Car and Driver lilipoipima, likakuta ndiyo gari lililotengenezwa Marekani linalofika maili 100 kwa saa, kilomita 161, kwa haraka kuliko yote. Corvette ikaachwa. Na pikapu!

Sherehe haikudumu. Kwa modeli za 1979 mamlaka ya mazingira ikausogeza mstari kutoka paundi 6,000 mpaka 8,500. Pikapu nyekundu ya mwaka huo ikafungwa kichujio na kuambiwa inywe petroli safi, na huo ndio ukawa mwaka wake wa mwisho.

Ungedhani mchezo umeisha. Kumbe mstari mpya ulikuwa umewaonyesha watu pa kuruka.

PAUNDI 8,500 NA ENZI ZA MAJITU

Baada ya shida ya mafuta ya 1973, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1975 sheria ya kuzilazimisha kampuni zipunguze unywaji wa wese kwa wastani wa gari zao. Pikapu zikapewa kiwango chao, laini kuliko cha gari ndogo, na zilizozidi paundi 8,500 hazikuhesabiwa kabisa. Hata ile karatasi ya dirishani inayomwambia mteja gari linakunywa kiasi gani hazikulazimika kuwa nayo.

Matokeo yake yakaonekana mwaka 1999, Ford ilipoizindua Excursion, jumba la familia lililojengwa juu ya chesisi ya F-250. Kikomo chake kilivuka 8,500, kwa hiyo unywaji wake haukuingia kwenye hesabu. Wanaharakati wa mazingira wa Sierra Club waliibatiza Ford Valdez, kwa jina la meli ya mafuta iliyomwaga shehena yake Alaska mwaka 1989.

Halafu ikaja Hummer. Yule staa wa filamu za mabavu, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa California, ndiye aliyeshinikiza gari la jeshi liuzwe kwa raia, na mwaka 1992 likaanza kuuzwa. Kaka yake mdogo, H2, aliingia sokoni 2002 akiwa na kikomo cha paundi 8,600. Amezidi kwa 100 tu. Wasanii wa hip hop wakaipokea, video zikajaa H2, na hakuna mteja aliyeoneshwa karatasi ya wese.

Na mkwanja ulikuwepo. Sheria ya kodi ilikuwa inawaruhusu wenye biashara kukata bei ya gari la kazi lenye kikomo cha zaidi ya paundi 6,000. Lengo lilikuwa mkulima na fundi ujenzi. Mwaka 2003 kiwango kikapandishwa kutoka dola 25,000 mpaka dola 100,000 kwa mwaka. Ghafla kila daktari na wakala wa nyumba akawa "mtu wa kazi ngumu". Mwaka 2004 Bunge likashtuka, likarudisha magari ya familia ya aina hiyo kwenye dola 25,000. Pikapu zenye boksi la futi 6 au zaidi zikaachwa zipete.

PAA LISILO NA SHERIA

Mpaka hapa unaweza kucheka. Hapa chini kicheko kinakata.

Marekani ina sheria ya nguvu ya paa, kwamba gari likipinduka, paa lisiwashukie waliomo ndani. Ilianza miaka ya 1970 kwa gari ndogo. Miaka ya 1990 ikaongezwa kwa pikapu, lakini zile za kikomo cha mpaka paundi 6,000. Ukipanda pikapu nzito, ile unayodhani ni imara kwa sababu ni kubwa, hapakuwa na kipimo chochote cha lazima cha serikali juu ya kichwa chako.

Aprili 2014, huko Georgia, mume na mke walikuwa safarini na F-250 ya mwaka 2002. Tairi la mbele likapasuka, gari likapinduka, paa likabonyea. Wote wawili wakafariki. Watoto wao wakaenda mahakamani. Agosti 2022 baraza la wazee wa mahakama likaamua Ford iadhibiwe dola bilioni 1.7. Ford ilikana kwamba paa lilikuwa bovu, ikakata rufaa, na Novemba 2024 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo na kutaka kesi isikilizwe upya.

Nani ana haki, hiyo ni kazi ya mahakama. Lakini jambo moja halina ubishi: gari hilo lilipotengenezwa, sheria ya paa haikuligusa, kwa sababu ya namba kwenye stika. Mwaka 2009 ndipo sheria iliposogezwa mpaka paundi 10,000, na utekelezaji ukaenda kwa awamu kwa miaka kadhaa. Hata hapo usawa haupo. Paa la gari la mpaka paundi 6,000 linatakiwa lihimili mara 3 ya uzito wa gari tupu. La gari zito zaidi ya hapo, mara 1.5. Na likivuka 10,000, sheria hiyo inaishia mlangoni.

Walio nje ya gari nao wana yao. Mwaka 2022 zaidi ya watembea kwa miguu 7,500 waligongwa na kufa Marekani. Utafiti uliotolewa 2023 na taasisi ya bima ya usalama barabarani, IIHS, ulikuta gari zenye boneti iliyozidi inchi 40 kwenda juu, sentimita 102 hivi, zina uwezekano wa karibu asilimia 45 zaidi wa kuua mtu zinapomgonga, kuliko gari zenye boneti fupi iliyolala. Huo urefu ni kiuno cha mtu mzima. Kwa mtoto ni kichwa.

KUTOA REDIO ILI UPITE MIZANI

Turudi kwenye ngumi. Mwaka 2014 kulitokea vita ya maneno kati ya Ford na Ram kuhusu nani bingwa wa kuvuta trela kwenye daraja la 3. Ford walikuwa na F-450. Ram wakasema yule si wa daraja letu, ukimpima kwa kawaida anazidi paundi 14,000.

Vyombo vya habari vya magari vikachimba, kikatoka kichekesho: kwenye hesabu ya uzito wa gari tupu, Ford walikuwa wametoa tairi la spea, jeki, redio na ile kabati ya katikati ya viti. Mteja anaweza kuagiza gari bila hivyo vitu, kwa hiyo kwenye karatasi ilikuwa halali. Ni bondia aliyevua mpaka pete ya ndoa ili asomeke vizuri! Ford baadaye wakasema watabadilisha namna ya kuhesabu.

Upande wa pili kuna stika ya paundi 10,000. Ukiendesha gari la biashara kutoka jimbo moja kwenda lingine na kikomo chake kimefika 10,001, unaingia kwenye masharti ya serikali kuu: kusajili kampuni, kuandika namba mlangoni, dereva kupimwa afya. Basi mteja wa F-250 anaweza kuagiza ije na stika ya 10,000. Chuma kile kile, springi zile zile, karatasi ndiyo imeshuka. Sheria inaona gari jepesi.

Na ile F-650 ya nyota wa kikapu? Leseni ya malori Marekani inaanza paundi 26,001, kwa sheria iliyopitishwa 1986. F-650 inapatikana ikiwa na kikomo cha 26,000 kamili. Kwa hiyo mtu anaweza kutoka nayo shoruumu akiwa na leseni ile ile anayoendeshea gari dogo, akaingia mtaani na jitu lenye kikomo cha karibu tani 12.

KWA HIYO?

Kila mstari hapa ulichorwa kwa nia njema. Mkulima asibebeshwe gharama za mtu wa mjini. Fundi bomba apate nafuu ya kodi. Dereva wa gari dogo asisumbuliwe na leseni ya lori. Lakini kila mstari ulipochorwa, kuna mtu alikaa na kalamu akauliza ni paundi ngapi zinatosha kuuvuka. Zilitosha 50. Zilitosha 100. Aliyevuta ule moshi na aliyekaa chini ya lile paa hawakuwepo kwenye kikao hicho.

Ukikutana na pikapu ya Kimarekani, iwe kwenye video au inashuka bandarini, usidanganyike na namba ya ubavuni. Fungua mlango wa dereva, soma stika, hesabu nati za tairi. Jina alilipanga mtu wa matangazo. Stika nayo aliipanga mtu, ila yake angalau ina paundi unazoweza kuzihesabu.

Swali kwenu wadau: sheria ya usalama iangalie uzito wa gari, au iangalie roho iliyomo ndani na ile inayopita pembeni? Dondosha komenti hapo chini.